Tanga Si Mbali, Kalenda Ndiyo Mbali

Watu wanaokwenda Dubai siwaoni wakihangaika. Wanakata tiketi, wanavuka Likoni na mabegi yao, na kesho yake picha zishatufikia kwenye simu. Mimi sitaki Dubai. Nataka Tanga. Kutoka kwetu Bodo ni bodaboda mpaka barabara kuu, matatu mpaka Lunga Lunga, unavuka Horohoro, halafu lami ya kilomita sitini na kitu mpaka Ngamiani kwa shangazi yangu. Aliyeondoka baada ya sala ya alfajiri, adhuhuri yamkuta huko. Nauli ninayo. Kinachonishinda ni kupata wiki.

Haja zangu ni mbili. Ya kwanza, watoto wakamjue shangazi kabla hajachoka kuulizia. Ya pili ni karatasi za kiwanja alichoacha babu, ambazo lazima mimi na shangazi tutie saini pamoja mbele ya ofisa wa huko. Haja ya kwanza yataka shule ziwe zimefungwa. Ya pili yataka ofisi ziwe wazi. Ukiwaambia watu hivyo wanakuona una kisirani, eti likizo ni likizo na ofisi ni ofisi. Basi waje wanitafutie wao.

Nimetundika kalenda mbili ukutani, ya Kenya niliyopewa na duka la mabati, na ya Tanzania aliyoniletea binamu. Anza na Aprili, ambapo shule zetu hufungwa. Aprili ya Tanzania imejaa wekundu kama mtoto mwenye surua. Tarehe 7 ni Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Tarehe 26 ni Muungano wa mwaka 1964. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka mara nyingi hujipenyeza hapo katikati, na ukidhani umetoka salama unakumbana na Mei Mosi, ambayo hiyo twafunga wote. Zilizobaki ni siku za mvua ya masika. Na ukipata Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukasema leo nitaingia madukani, utaambiwa ni siku ya usafi, kaa na ufagio kwanza.

Julai nayo ina Saba Saba. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu pande zote mbili twaitaja kwa jina lile lile na hatuzungumzii jambo moja. Kule ni kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na Dar es Salaam kuna maonyesho makubwa ya biashara, watu wananunua majiko na kula aisikrimu. Huku ni mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi, mwaka 1990, na tangu hapo tarehe hiyo ikikaribia, polisi wanaanza kuhesabu mabomu ya machozi. Mtanzania amekaa nyumbani kwa sababu ni sikukuu. Mkenya naye amekaa nyumbani, kwa sababu zake. Ofisi huipati upande wowote.

Agosti ingefaa, kwani ukiondoa Nane Nane ya wakulima kule hakuna kubwa. Lakini Agosti wajukuu wa shangazi wako darasani, na wanangu watakwenda kuangaliana na paka. Desemba usiniambie. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9, sisi tarehe 12, na kabla hujapumua ni Krismasi. Ukingoja Januari ipoe, tarehe 12 ni Mapinduzi ya Zanzibar. Maulidi kule ni sikukuu ya taifa. Huku kwetu ni sikukuu ya moyoni tu. Karani wa benki atakungoja dirishani kama kawaida, ila wewe ndiye uko Lamu.

Na hizo ni zile zinazojulikana. Serikali yetu ina mkono mwepesi wa kutoa sikukuu. Novemba 13, 2023 tulipewa siku ya kupanda miti. Mei 10, 2024 tukapewa nyingine, baada ya mafuriko, tukapanda tena. Mwaka huo huo, jioni ya Oktoba 31, tukatangaziwa kwamba kesho ni sikukuu kwa sababu Naibu Rais anaapishwa. Jioni! Mtu ana miadi saa mbili asubuhi, shati lishapigwa pasi, anaambiwa na redio abaki kitandani. Sheria yenyewe inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, na Jumatatu itwaliwe. Sipingi watu kupumzika. Nauliza tu, sisi tunaotaka kupumzikia nje ya nchi tupange vipi?

Mama watoto alisema nisihangaike na kalenda za serikali, twende siku za Idi, hapo kila mtu yuko nyumbani. Wazo zuri, mpaka umuulize ni Idi gani. Usiku wa kuamkia Idi hapa Bodo huwa hatulali. Huyu anangoja tangazo la Kadhi Mkuu, yule ashapigiwa simu kutoka Saudia, na asubuhi mimi nimefunga huku jirani wa ukuta mmoja anapakua pilau. Tanzania nao wana Mufti wao wa kutangaza. Nikiondoka Idi Mosi ya huku nikakuta kule bado wamefunga, nitakuwa mgeni mwenye njaa katika nchi ya watu. Kinyume chake, nikafika wao washasherehekea jana, shangazi atanipa biriani la kupasha na lawama mbichi.

Halafu kuna mama mkwe. Yuko kisiwani Funzi, naye ameshasema hakuna anayekwenda Tanga bila yeye. Mkwe humwambii hapana. Sasa, Idi ya Ramadhani iko mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, kila mvuvi ajua. Siku za bamvua kwetu maji hujaa mwendo wa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na saa nne, saa tano asubuhi yamekupwa mpaka unaiona mizizi ya mikoko yote. Mashua yakwama mbali, na mama wa watu ashuke kwenye tope, buibui amelikusanya mkononi, kikapu cha mikate ya sinia kichwani, akinitazama kana kwamba mwezi niliuandamisha mimi. Idi ya kuchinja ni afadhali. Iko siku ya kumi ya mwezi, maji mafu, na asubuhi mashua yafika vizuri tu. Lakini Idi hiyo mama mkwe hatoki Funzi, kwa sababu ana mbuzi wake.

Ukidhani umemaliza, kuna kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano lazima uchomwe siku kumi kabla ya safari ndipo kadi ihesabiwe. Nikaenda mahali pa kuchanjia nikakuta ubao wa saa za kazi umeandikwa vizuri, mlango umefungwa. Nilipomkuta nesi, siku nyingine hiyo, alinionyesha kichupa kidogo kama cha wanja. "Baba, hii ni dozi ya watu kumi. Nikiifungua, baada ya saa sita naimwaga. Sasa mko wangapi?" Tulikuwa watatu, mmoja wetu akiwa amekuja kupimwa presha. Nikaambiwa niende nikatafute wenzangu. Nimewahi kutafuta abiria wa kujaza matatu, lakini wa kujaza sindano sijapata.

Saa za ofisi nazo zina mambo yake. Huku ofisi ya serikali yafungua saa mbili, yapumzika saa saba kwa chakula, yafunga saa kumi na moja. Kule wanafungua saa moja na nusu na kufunga saa tisa na nusu. Mtu wa Bodo aliyefika Tanga adhuhuri, akaswali, akala wali wa shangazi, ambao hauliwi haraka kwa sababu kila ukimaliza unaongezwa, anafika ofisini anamkuta mlinzi akimwagilia maua. Kesho yake ikiwa Ijumaa, ana saa chache za asubuhi tu kabla mji haujaelekea msikitini.

Juzi nikampigia shangazi nimweleze yote haya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba babangu. Mwaja lini?"

Nikamsomea. Karume, bamvua, kichupa, mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Weye hukuumbiwa safari," akasema. "Miye ndiye nitakuja huko. Si mna sikukuu tarehe 10 Oktoba?"

"Tunayo."

"Ya nini?"

Nikanyamaza. Ilikuwa ya Moi, ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni. Mama watoto akanikumbusha kwa sauti kutoka jikoni kwamba sasa ni ya Mazingira.

"Haya, hiyo hiyo," shangazi akasema. "Nije kumi, nikae nanyi siku tatu nne, niwaone watoto. Halafu turudi wote Tanga tarehe 14, moja kwa moja ofisini, tutie saini hizo karatasi tumalize."

Nikaitazama ile kalenda ya binamu. Tarehe 14 Oktoba, kwa wekundu, pameandikwa: Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.