Ndege ya Kumrudisha Kukhu

Eastlands ya Nairobi imelala katikati ya viwanja vya ndege. Upande mmoja kuna Eastleigh, ambako ndege kubwa za abiria zilitua hadi 1958, na ambako leo kuna kambi ya jeshi la anga. Upande wa pili kuna Embakasi, kiwanja kilichojengwa kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Mtoto wa Buruburu au Donholm huzoea mngurumo wa injini kabla hajajua kusoma saa. Baba yetu alikuwa fundi wa ndege Embakasi mpaka alipostaafu. Ndege alizozikaza nati zilikwenda London na Mumbai, na yeye jioni akapanga foleni stejini kama watu wote, mikono ikinuka grisi. Akitaka kwenda kwao Kakamega alipanda basi la usiku.

Kisha Kukhu, mama yake, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, akatakiwa kurudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa. Safari ya basi ilimmaliza. Kila tuta la barabarani alilitaja kwa kilio, na akifika kwetu Buruburu alilala siku nzima bila kutaka uji. Tulimkatia tiketi ya ndege ya Kisumu mara kadhaa, ikamfaa, ingawa bado kulikuwa na gari la kumfikisha nyumbani. Hilo lingetosha kama shida ingekuwa nyonga peke yake. Lakini Baba alikuwa na kiu ya miaka, na jioni moja, tukila ugali na mrenda, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Tununue ndege."

Mama aliweka kijiko chini. "Mzee, tununue gari, Noah. Mama atalazwa kiti cha nyuma, na itatubeba wote."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulijua mambo mawili. Dada yetu alikuwa amesomea urubani katika kiwanja cha ndege cha Wilson na ana leseni ya kurusha ndege ndogo zisizo za biashara. Na kaka yetu, fundi wa ndege Doha, alikuwa ameshaahidi kuchangia. Ndege ndogo iliyotumika, ya miaka ya 1970, huuzwa kwa mamilioni kadhaa ya shilingi, bei ambayo familia hununulia ploti. Mafao ya Baba yalikuwa benki. Kazi ikabaki kuchagua.

Nyumba ikagawanyika. Dada alitaka Cessna 172, ndege aliyojifunzia. Ina viti vinne, bawa juu ya paa, na tangu 1956 zimeundwa zaidi ya 44,000, kwa hiyo vipuri havikosi na kila fundi wa Wilson anaijua. Kaka, kwa simu za usiku kutoka Doha, alishikilia Cessna 206 ya viti sita, ile inayobeba watalii kwenda Maasai Mara. Baba hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba 206 nyingi zinazouzwa huku zimechoshwa na kazi ya mbugani, na injini yake ya nguvu za farasi karibu 300 hunywa petroli ambayo mstaafu hawezi kuilipia. Yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa Piper Cherokee. Bawa lake liko chini, unajaza mafuta bila ngazi, na aliwapenda walioichora kana kwamba alisoma nao.

Cherokee ndiyo iliyoleta balaa ndani ya nyumba. Ina mlango mmoja, upande wa kulia, na ili uingie lazima upande juu ya bawa kwanza, uinamishe kichwa, kisha ushuke kwenye kiti. Dada akauliza: Kukhu atapandaje? Baba akasema jambo hilo hupimwa, halibishaniwi. Akavuta meza ya kulia mpaka kando ya kabati la vyombo, akaweka kigoda mbele yake, akatandaza mkeka juu uwe bawa, na viti viwili upande wa pili viwe viti vya ndege. Kamba ya kuanikia nguo akaifunga usawa wa paa la ndege.

Kukhu alitazama yote hayo kwa utulivu. "Mwanangu," akasema, "mti wa mwembe nimepanda. Meza ya chakula sipandi."

Baba akaamua kumwonyesha. Alikanyaga kigoda, akakanyaga mkeka, akainama chini ya kamba, na mguu wa meza uliokuwa umeunganishwa kwa gundi ukatoka. Aliangukia kabati. Vikombe vya harusi ya Mama, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hutolewa mchungaji akija tu, vilimwagika sakafuni vyote. Jirani wa ukutani alikuja mbio akidhani ni wezi. Baba alitoka na mkwaruzo mkononi. Mama alifagia bila neno, akavikusanya vipande kwenye sufuria, kisha akatangaza kwamba neno ndege halitatajwa mezani hadi vikombe virudi, na meza isimame.

Tulikula kwenye sofa. Baba alikwenda soko la Gikomba, akazunguka, akarudi na seti iliyofanana karibu kabisa. Meza aliitengeneza mwenyewe kwa bolti, kwa umakini uleule wa kufunga gurudumu la ndege. Hapo ndipo mazungumzo yakaruhusiwa tena, na Cherokee ikawa imeshatoka. Baba alikwenda kuangalia moja hata hivyo, akakuta ilikaa pwani miaka mingi, na upepo wa chumvi ulikuwa umeacha ukungu mweupe kwenye maungio ya bawa. Mwaka 2018, huko Florida, bawa la Piper ya ukoo huohuo lilikatika angani kwa nyufa za uchovu wa chuma, na baadaye serikali ya Marekani ikaamuru nyingi za jamii hiyo zikaguliwe mihimili ya bawa. Mtu asiyeweza kulipia ukaguzi huo asiinunue.

Ikabaki 172 ya dada, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua kabla ya kutoa shilingi. Viti vinne si watu wanne. Ndege hiyo, muundo wa miaka ya 1970, hairuhusiwi kuzidi kilo 1,043 inaporuka. Yenyewe, tupu, na redio zake, ni kama kilo 640. Petroli yake, ile ya samawati, hupatikana Wilson. Ukitua kiwanja kidogo cha ushago hukuti pampu, kwa hiyo unabeba ya kwenda na ya kurudi. Matangi yakijaa ni kilo 104. Zinabaki 299 za watu na mizigo.

Dada akataka uzito wa kila mtu, uzito wa kweli, na nguo na viatu. Mizani ya bafuni ilikuwa imekufa betri. Tukaenda soko la Mutindwa, kwa muuza nafaka mwenye mizani ya bapa ya kupimia magunia. Dada alipanda: 61. Baba: 84. Mama akakunja mikono. "Mimi si gunia." Muuza nafaka, kijana wa heshima, akageuka akajifanya anahesabu debe za maharagwe. Ni Kukhu aliyemaliza shauri. Alimwambia Mama, "Njoo unishike, nisianguke." Wakapanda pamoja, wameshikana mikono, na mizani ikasema 151 kwa wote wawili. Hakuna aliyegawanya hesabu hiyo, wala hatagawanya.

Jumla 296. Zinabaki kilo tatu, pakiti moja na nusu ya unga. Na Mama hajawahi kwenda ushago na kilo tatu.

Tena hizo ni hesabu za karatasi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na jua la saa saba mchana likifika nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kana kwamba uko zaidi ya futi 8,000. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi 1,000. Nguvu za farasi 150 zilizoandikwa kwenye kitabu hushuka karibu na 110, na mbele yako kuna ukingo wa Bonde la Ufa na milima ya Mau. Dada, aliyeipenda ndege ile, ndiye aliyesema hapana. Nilimheshimu sana siku hiyo.

Hata hivyo Baba alipima 172 moja kwa ajili ya dhamiri yake, nami nikaenda naye. Rangi yake ilikuwa mpya, nyekundu na nyeupe, na mwenye ndege aliisifia rangi hiyo kwanza. Baba aliomba daftari za injini. Kulikuwa na pengo, miaka mizima bila mstari. Kisha akafunga kipimo cha kompresheni kwenye silinda, akaingiza hewa ya pauni 80, na silinda tatu zikashika vizuri juu ya 70. Ya nne ikasoma 54. Baba akapiga magoti nyuma ya bomba la moshi, akaweka sikio, akanipungia nisikie pia. Kulikuwa na mlio mwembamba wa hewa ikitoroka. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mwanagenzi: ikilia kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea moshi, ikilia mahali pa kumiminia oili, ni ringi za pistoni, ikilia kabureta, ni vali ya kuingizia. Akafunga vifaa vyake, akamshukuru mwenyewe, tukaondoka.

Jibu lilikuwa Cessna 182. Kwa macho ya asiyejua ni 172 iliyonenepa, viti ni vinne vilevile. Lakini injini ni ya nguvu za farasi 230, inaruhusiwa kilo 1,338, na matangi ya kawaida yakijaa, wale wanne wakiwemo, zinabaki kilo 76 za mizigo. Ina milango miwili, na Kukhu hupanda kwa kigoda kutoka chini. Ya kwanza tuliyoonyeshwa Baba aliikataa ndani ya dakika chache. Pua ya 182 ni nzito, na rubani mzembe akitua kwa gurudumu la mbele kwanza, bamba linalotenga injini na abiria hukunjamana. Alilala chali chini yake na tochi, akaona mikunjo iliyonyooshwa kwa nyundo na kupakwa rangi. Ya pili ilikuwa na daftari kamili na bamba lililonyooka, na fundi mwenzake wa zamani akakubali kuimiliki nusu kwa nusu. Rangi yake imechubuka. Baba hajali.

Safari huanza saa moja asubuhi, hewa ikiwa baridi na nzito. Kakamega ni kama kilomita 290 kwa njia ya ndege, na Kukhu hufika akiwa na hamu ya kula. Kazi ya mizani imechukuliwa na Mama. Amenunua yake ya kuning'iniza, ameifunga kwenye komeo la mlango wa jikoni, na hakuna mfuko unaovuka kizingiti bila kupimwa na kuandikwa. Krismasi iliyopita amu alituletea ndoo ya asali, magunia mawili ya viazi na jogoo wawili, akitaka viende vyote. Mama aliandika, akajumlisha, akamrudishia gunia moja na jogoo mkubwa zaidi. Amu akamwita dada pembeni, amwombe kama rubani. Dada akasema aulizwe Mama.