Kivinjari Huria na Bando la Usiku

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni kitu ambacho wakazi wengi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hawajawahi kukichagua, kwa kuwa simu hufika dukani ikiwa nacho tayari, na mnunuzi, akili yake ikiwa kwenye bei ya kava, haoni sababu ya kuuliza kiliandikwa na nani wala kwa masharti gani. Swali hilo alilivalia njuga Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983 alipotangaza mradi wa GNU, na baadaye akashikilia kuwa programu ni huria pale tu mtumiaji anapokuwa na haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza na kuubadili msimbo wake, kuwagawia wenzake, na kuwagawia hata ile aliyoibadili. Haki ya kubadili ndiyo iliyokiwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa mafundi wa vyombo wa Jibondo hoja hii haihitaji mhadhara, maana hakuna nahodha atakayekubali kuuziwa jahazi asiloruhusiwa kulikalafati, wala kuchungulia ngamani maji yanaingilia wapi.

Nahodha huyohuyo, hata hivyo, anatembea na Chrome, ambayo Google imeijenga juu ya msimbo huria wa Chromium kisha ikatia vyake visivyo huria, au Opera Mini, ambayo hupitisha kurasa kwenye seva za kampuni zikabanwa ndipo zimfikie zikiwa nyepesi. Bando hunusurika, lakini msimbo umefungwa.

Anayetaka kuhama huelekezwa F-Droid, ghala la programu huria za Android lililoanzishwa mwaka 2010, akachukue Fennec, ambayo ni kivinjari cha Firefox kilichoondolewa vipande visivyo huria. Tatizo ni kwamba njia ya kufika huko hupitia kivinjari kilekile anachokikimbia, nacho humwonya kuwa faili hilo huenda likadhuru simu yake. Na kwa kuwa mzigo ni mzito, mtu mwenye busara husubiri bando la usiku, ambalo ni nafuu, akaketi barazani saa nane za usiku uso ukimulikwa na kioo cha simu, akitabasamu kila asilimia inapopanda. Hapo ndipo elimu ya programu huria hukutana na ndoa. Akijitetea kwamba anapakua kivinjari, huulizwa kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele: “Baba watoto, huyo Kivinjari kwao wapi, Utende au Baleni?” Leseni huria haina kifungu cha kujibu swali hilo.

Akivuka salama, faida huanza kuonekana, kwani Fennec hukubali kiongezi kama uBlock Origin, nacho ni huria, kinachozuia matangazo yasipakuliwe kabisa, hata lile la mkopo wa haraka linalojicheza lenyewe na kumaliza salio. Kitakachomshangaza ni kukuta hata Firefox ya kawaida hutafutia kwa Google, inayoilipa Mozilla, watengenezaji wa Firefox, fedha nyingi kwa nafasi hiyo. Kubadili mtambo wa kutafutia ni suala la kugusa mipangilio mara chache, kazi ambayo mwenye ndoa changa hushauriwa kuifanya mchana, sebuleni, mbele ya mashahidi.