Randa ya Kisigino

Mtu aliyezaliwa Tanga, akalelewa na upepo wa bahari, akafikia utu uzima bila kujua kwamba kisigino nacho ni kiungo chenye kudai matunzo, akihamia Dodoma hutangulia kuhamia miguu, moyo ukafuata baadaye. Mimi nilihamishwa pamoja na wizara yangu mwaka 2017, serikali ilipoazimia kulitimiza kwa haraka lile jambo lililoamuliwa tangu mwaka 1973 la kuyaleta makao makuu katikati ya nchi. Na nilipostaafu, badala ya kurejea pwani kama walivyofanya wengi wa sahibu zangu, nilijenga kijumba Nzuguni, mashariki ya mji, kando ya barabara iendayo Morogoro, mahali ambapo wakati ule kiwanja kilikuwa kikipatikana kwa bei isiyomtia mstaafu kiwewe.

Wenyeji husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani kuzama, kwa sababu ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia katika tope asiweze kutoka. Hekaya hiyo naiheshimu, ila nadhani tembo yule alizama wakati wa masika, kwani mvua zetu, ambazo kwa mwaka mzima huwa kama milimita 600 au pungufu yake, huanza Desemba zikakoma Aprili, na ikifika Julai hakuna tope la kumzamisha hata siafu. Kuna vumbi, kuna upepo mkavu wenye baridi, na kuna ngozi ya binadamu ambayo, ikikosa unyevu wa hewani, hupasuka kama ardhi ya mbuga. Magaga yangu yalianza mwaka wa kwanza, nikayadharau. Mwaka wa tatu mama watoto alinitandazia shuka mbele yangu, akatia kidole katika tundu moja kisha jingine, akasema kwa upole ambao mume wa miaka thelathini huuogopa kuliko makelele: "Baba, shuka hii haikuliwa na panya."

Hata hivyo ningaliendelea kuvaa soksi na kunyamaza, lau si kwamba mwaka 2024 binti yangu wa pili aliposwa, na ndoa ikawekwa Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, siku mbili baada ya Nanenane. Msomaji aliyepata kumwoza binti ataelewa msiba wangu. Walii hukaa chini, miguu mitupu, goti kwa goti na bwana harusi, wakashikana mikono ya kuume, hadhira ikiwa imewazunguka na vijana wenye simu wakipiga picha kila kionekanacho. Na nyayo za mtu aliyekaa mkao ule hujitokeza nyuma yake zikaelekea safu ya pili, ambayo aghalabu ndiyo wanayokaa watu wa upande wa pili wa ukwe.

Ingekuwa busara kumwita mmoja wa vijana wapitao mitaani na makapu yao ya rangi za kucha, ambao chupa zao hulia kwa kugongana hata ukawasikia kabla hujawaona, na ambao kwa shilingi elfu chache humwoshea mtu miguu katika beseni, wakamsugua kwa jiwe, wakamkata kucha na kumrudishia nyayo zake kama za mtoto. Lakini nilizuiwa na mambo mawili. La kwanza ni haya, maana sikutaka jirani wanione kibarazani na miguu ndani ya beseni kama biharusi. La pili ni hofu: sisi tuliokuwa vijana katika miaka ya 1980, baada ya UKIMWI kuonekana nchini mwaka 1983 huko Kagera, tulikaririshwa kwamba wembe hauazimwi, na hata kwa kinyozi tulikwenda na nyembe zetu mifukoni zikiwa bado zimo katika karatasi zake. Mafunzo ya namna hiyo hayamtoki mtu. Tena baadaye tukaambiwa kwamba homa ya ini nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo, ndipo nikawa simwamini mtu yeyote mwenye chuma chenye makali.

Katika hali hiyo ya haya na hofu nilikwenda Nanenane siku ya Jumanne. Kwa asiyeijua, Nzuguni ndiko viliko viwanja vya maonyesho ya wakulima vya kanda yetu, na katika siku nane za mwanzo za Agosti mtaa wetu hujaa matrekta, mbegu za alizeti, mizinga ya nyuki, madume ya ng'ombe waliooshwa kwa sabuni, na mvinyo wa zabibu za huku huku. Na kwa kuwa palipo umati hapakosi mchuuzi, karibu na lango husimama watu wenye vipaza sauti wanaouza vitu visivyokuwa na nasaba yoyote na kilimo. Mmoja wao alikuwa ameshika kipini chekundu cha plastiki. "Mzee wangu, karibu! Kipini kimoja, kazi tatu! Kipini unanunua mara moja tu, wembe unabadilisha mpaka kiama!" Akachukua karoti, akaipitishia kile kipini, na likatoka gamba jembamba kama karatasi ya sigara. Sikukumbuka, katika ule mshangao, kwamba karoti haina mishipa ya damu wala haimwozi binti Jumamosi. Nikatoa shilingi elfu kumi.

Nilikikagua nyumbani kwa miwani. Kilikuwa na vichwa vitatu vya kuchomeka na kuchomoa: tupa ya kusugulia, kijisu chembamba cha pembeni mwa kucha, na kile kilichonivuta, kichwa cha magaga, kilichopindwa kama mgongo wa kobe, chenye mwanya katikati na wembe mfupi ulalao juu ya mwanya huo ukibanwa na kidaraja cha bati, hata ngozi ikikatwa huingia mwanyani na kutokea upande wa pili. Seremala yeyote angekitambua mara moja, kwani hiyo ni randa, na Wajerumani, ambao ni mabingwa wa vyombo hivi, hukiita kwa lugha yao hivyo hivyo, randa ya ngozi ngumu. Juu ya sanduku paliandikwa "Solingern". Mji wenyewe ni Solingen, maarufu kwa visu na mikasi, na jina lake limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu mwaka 1938, asilitumie ila aliyetengeneza chombo chake huko. Lakini nadhani sheria ile haikumfikiria mtu mwenye herufi moja ya ziada.

Wembe wa akiba ulikuwa mmoja tu. Hapo ndipo ningalitakiwa kumkumbuka King Camp Gillette, Mmarekani aliyekuwa mchuuzi wa vizibo vya chupa, ambaye aliona ya kuwa kizibo hufunguliwa mara moja kikatupwa na mwenye chupa akarudi kununua tena, akawaza kwa nini ndevu zisifanyiwe biashara kama hiyo. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 na nyembe 168, na mtu mwenye moyo mdogo angalirejea kwenye vizibo; mwaka uliofuata aliuza mashine zipatazo 90,000. Siri ya kipini kinachobadilishwa wembe ni kwamba kipini ni chako, lakini wembe ni wa mwenye duka daima, na asipouleta dukani basi umenunua kijiti chekundu.

Jumatano alasiri nilikaa uani, juu ya kigoda, nikaanza. Nakiri kwamba mwanzo ulikuwa na ladha yake. Ngozi ilitoka kwa vipande virefu vyenye kujikunja, vya rangi ya nta, vikaanguka chini kama maranda chini ya meza ya seremala, na kila nilipotazama lile fungu likikua nilijiona nimepunguza miaka. Niliinama hivyo kwa muda mrefu hata nisimwone jogoo mdogo mwekundu, mmoja wa wale kuku sita tuliowatenga kwa pilau ya harusi, akija taratibu nyuma ya kigoda. Alipokwisha kuyala maranda yote akanitazama kwa jicho moja, akingoja mengine. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Hakusema neno. Akamfunga yule kuku kamba mguuni, akampeleka upande mwingine wa ua, mbali na wenzake watano.

Jioni ile wembe wa kwanza ukawa butu, na sina wa kumlaumu, maana vumbi la Dodoma lililojificha ndani ya nyufa lilikuwa changarawe tupu. Wa pili nao ukakunjika pembe siku ya Nanenane yenyewe, kisigino cha kushoto kikiwa laini na cha kulia kikiwa kama gome la mbuyu. Nikaenda soko la Ndugai kutafuta nyembe. Nilizunguka vibanda vinne. Wa mwisho aliniambia kwa huruma: "Babu, hizo haziji peke yake. Nunua nyingine nzima." Nami, kwa kuwa pensheni haina mwanya wala kidaraja, nikakataa, nikanunua pakiti ya nyembe za kawaida za kunyolea kwa fedha ndogo, na njiani nikakutana na jirani yangu, mzee wa Kigogo, aliyekuwa akitembea na makatambuga yake ya matairi. Nikamwamkia, "Mbukwenyi," tukajuliana hali, nikamweleza shida yangu na kumwonyesha kipini. Akakigeuza geuza, akatazama nyayo zake zilizopasuka kila upande bila kumnyima usingizi, akauliza: "Mguu huo nao unautafutia posa?"

Ijumaa usiku nikafanya lile ambalo mtu mwenye akili timamu angalifanya mchana. Wembe wa kunyolea una makali pande mbili na tundu refu katikati. Nilioutaka ulikuwa na upande mmoja, mfupi. Nikaukunja wembe ukiwa ndani ya karatasi yake, ukalia tak, ukavunjika urefu wake. Nikapunguza ncha kwa mkasi wa bustani. Nikauchomeka chini ya kidaraja. Uliingia. Nilifurahi kiasi cha kuita watu. Nilichokuwa sikijui, na ambacho kila seremala hukijua kabla ya kufundishwa jambo jingine lolote, ni kwamba randa haikati kwa ukali wa chuma bali kwa kipimo cha chuma kinavyochungulia mwanyani, na wangu ulikuwa ukichungulia kama shingo ya mbuni.

Sikusikia maumivu. Nilisikia joto, kisha nikasikia majimaji.

Kulipopambazuka kisigino kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kanga, nacho kitambaa kimefunikwa na soksi. Lakini msikitini soksi ile, ya mguu mmoja, ilionekana ya ajabu kuliko jeraha, na mdogo wangu aliyetoka Tanga usiku akaniambia niivue, tusionekane watu wa ovyo. Nikaivua. Nikaketi juu ya zulia jeupe lililoazimwa. Sheikh akasoma hotuba, nikamshika bwana harusi mkono, nikatamka maneno yangu bila kukosea hata moja, na kwa sababu ya mkao ule uzito wote wa mwili ukaukalia mguu wa kulia. Mjukuu wa dada yangu, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa safu ya pili mapajani mwa mzee mmoja wa ukweni, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona wekundu ukitambaa zuliani. "Babu kapakwa hina!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo jema. Hadhira ikainamisha vichwa. Upande wa pili wa ukwe, naambiwa, kuna watu ambao hata leo wanaamini ya kuwa kwa desturi za Tanga baba wa biharusi hupakwa hina unyayo mmoja.

Muuguzi wa zahanati alinishona nyuzi tatu, akanidunga sindano ya pepopunda, na kabla ya yote akaniuliza kama nina kisukari. Kwani mwenye kisukari, alisema, huweza kupoteza hisia za miguu akajikata asijue, na kidonda chake huchelewa kupona hata kikamgharimu mguu. Akanieleza kwamba sugu ya kisigino haikuja kwa uadui, imekuja kuukinga mguu, na ukiikwangua yote hurudi nene zaidi. Mtu aloweke miguu katika maji ya vuguvugu, asugue kwa jiwe kidogo kidogo, apake mafuta usiku, basi. Baadaye nilisoma kwamba majimbo kadhaa ya Marekani, California likiwa mojawapo, yamekataza kabisa nyembe za namna ile katika saluni zao. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alitumia gae la mtungi uliovunjika, wala sikumbuki siku aliyomwaga damu kwenye zulia la watu.

Siku hizi, kila Ijumaa, kijana wa kapu huja mlangoni, nami hukaa kibarazani miguu ikiwa ndani ya beseni, na jirani wanisalimu wanavyotaka. Jiwe ni langu, nimelinunua; kijana hulitia mfukoni mwake mwenyewe akimaliza kisha hulitoa na kunirudishia tukicheka. Kipini chekundu nacho hakikupotea; mama watoto amekichukua, na kwa kichwa cha tupa huwaparuza magamba perege wa Mtera, akisema hajapata kuona chombo kizuri kama hicho.

Ama yule jogoo mwekundu, pilau ilipikwa kwa kuku watano. Hakuna nyumbani aliyekuwa tayari kumla, na kumchinjia mgeni kulitaka roho ngumu kuliko tulizo nazo, hivyo akakaa na kamba yake hata kwato za Nanenane ya mwaka uliofuata zilipopita. Mwezi uliopita tulimpa jirani yangu wa makatambuga kwa sherehe ya jando ya mjukuu wake, naye alimsifu kwa unono na kuuliza tunamlisha nini. Nikamjibu, pumba. Nakuomba sana, ndugu msomaji, ukipita Nzuguni usimwambie.