Jinsi ya Kulifanya Gari Jeusi Lionekane Jipya

Ulinunua gari jeusi kwa sababu unapendeza ukishuka ndani yake. Usione haya, sote ndivyo tulivyo. Harrier nyeusi ikiingia kwenye uwanja wa ukumbi, shingo zinageuka, na wewe unafungua mlango taratibu ili zimalize kugeuka. Hiyo ni haki yako, uliilipia ushuru.

Tatizo ni saa sita mchana. Jua likisimama juu ya boneti, utando wa buibui wa mikwaruzo unajitandaza kulizunguka, na kila mtu anauona. Watakuja watu wakuambie dawa ni kupiga mashine hadi mikwaruzo yote iishe. Waitikie kwa heshima, halafu usifanye. Mimi nitakufundisha kuficha. Kuficha ni rahisi, gharama yake ni ndogo, na nakuambia kwa moyo mmoja: gari linalofichwa mikwaruzo hubaki na rangi yake miaka mingi kuliko gari linalokwanguliwa.

Kwanza: mjue unayemdanganya

Unalidanganya jicho, na udhaifu wake unajulikana. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kila upande, kwa hiyo kimeto cha mkwaruzo hupotelea humo humo. Nyeusi humeza karibu mwanga wote, na mkwaruzo ukimeta, unameta peke yake. Mikwaruzo yenyewe imelala ovyo ovyo. Inayokuonyesha sura yake ni ile tu iliyokatiza njia ya mwanga, ndiyo maana unaona duara kuzunguka jua au kuzunguka taa. Sogea hatua moja, duara linakufuata. Likumbuke hilo. Tutalitumia wakati wa kuegesha.

Pili: hesabu mtaji

Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu kabisa, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150. Unywele mmoja wa kichwani kwako una kama 70. Tabaka la juu lisilo na rangi, lile mafundi wanaloliita klia, ni mikroni 40 hivi tu, na ndilo linalobeba kinga dhidi ya mionzi ya jua. Kila fundi anayekupigia kapaundi kwa mashine anaondoka na sehemu ya klia hiyo, na hakuna siku itakayorudi. Umeyaona magari yaliyobambuka paa na boneti, yamebaki mabaka meupe? Hapo klia imekwisha kazi. Na la kwako, kama limetoka Japani likiwa limetumika, huenda lilishapigwa mashine kabla halijapanda meli. Ulichopewa ni kilichobaki. Kitumie kwa ubahili.

Kisha ujue weusi wako ni upi. Kama ni Toyota, tafuta kile kibati kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, usome palipoandikwa C/TR. Tarakimu zilizo kabla ya mkwaju ndiyo rangi. 202 ni nyeusi tupu: hakuna inayoishinda kwa uzuri, na inasifika kwa ulaini wake, maana hata kitambaa kibaya kinaiachia alama. 209 na 218 zina chembe za maika zinazometameta juani, na chembe hizo zinakusaidia kazi ya kuficha. Mwenye 202 asome mwongozo huu mara mbili.

Tatu: osha kivivu

Hapa uvivu ni ibada. Mikwaruzo mingi ya gari jeusi haikuletwa na miiba wala watoto wa jirani. Imeletwa na usafi. Vumbi ni mchanga uliosagika, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Anayepitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi anapiga msasa, hata kama uso wake umejaa nia njema. Yule mlinzi wa maegesho anayekupangusia gari kila asubuhi bila kutumwa, mpe shikamoo yake, mpe na chai, mwombe awe anakufungulia geti tu.

Gari likiwa na vumbi na una haraka, liache na vumbi. Vumbi lililotandaa sawasawa lina heshima yake: linasema umetoka safari. Vumbi lililopanguswa nusu linasema umekurupuka.

Siku ya kuosha, nenda kwa waosha magari asubuhi, kabla boneti halijapata moto. Beba kitambaa chako cha maikrofaiba kwenye buti, maana dodoki la pale limetoka kwenye rimu za gari lililotangulia, na chembe za breki bado zimo. Mwite kijana pembeni, zungumza naye kirafiki.

“Mdogo wangu, hili limwagie maji tu, mengi. Povu ukipaka, usisugue. Juu nitafuta mwenyewe.”

“Sasa bosi, bei?”

“Ile ile.”

Umempa malipo kamili kwa nusu ya kazi. Kuanzia leo atakukimbilia ukiwa bado barabarani, na boneti lako hatalitia mkono. Ni matumizi mazuri kuliko chupa yoyote ya polishi utakayonunua.

Ukiosha nyumbani, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, malizia na chini ya milango, na rimu zipate kitambaa chao peke yao. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo, kwa sababu inakwangua nta yote uliyoihangaikia. Kukausha, tandaza taulo laini juu ya bati, livute polepole bila kulikandamiza.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kama yalivyo ya wengi Dar es Salaam, usiyaache yakaukie juu ya gari. Yanaacha vijiduara vyeupe vya chokaa, na juu ya nyeusi vinaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Vikishatokea, changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowanisha kitambaa, kilaze juu yake kidogo, kisha suuza vizuri. Mke wako akiuliza chupa ya siki imekwenda wapi, mwambie ukweli. Hili ni jambo la familia.

Nne: jaza

Sasa tumefika kwenye hila yenyewe, na hapa nakuomba utulie.

Kuna polishi ya aina mbili. Ya kwanza inakata: ina chembe zinazokwangua klia mpaka ifike usawa wa shina la mkwaruzo. Ya pili inajaza: ina mafuta na unga laini unaoingia ndani ya mkwaruzo na kuufukia, mwanga ukipita usipate pa kujikwaa. Kwa Kiswahili cha dukani hiyo ya pili huitwa glezi. Hii ndiyo yako. Haikupunguzii hata mikroni moja ya maana, haihitaji umeme, na kosa lake unaweza kulifuta kwa kitambaa.

Kabla ya kupaka, vaa mkononi mfuko mwepesi wa plastiki, upapase boneti lililooshwa. Mkono mtupu hudanganywa, mfuko haudanganywi: utasikia vijipele. Hayo ni masalia ya breki, lami na utomvu. Yatoe kwa ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa umelowanisha pote. Kipande kikianguka chini, kitupe. Usibishane nami hapo, kimeshaokota mchanga.

Kisha ingia kivulini. Gusa boneti kwa mgongo wa kiganja, liwe baridi. Paka glezi kidogo kuliko roho yako inavyotaka, sehemu moja baada ya nyingine, kwa mkono na sifongo laini. Ifute. Juu yake paka nta ili kilichojaa kisitoke. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi huko kaskazini-mashariki mwa Brazili, huipa rangi nyeusi kina ambacho kitakufanya ulizunguke gari lako bila sababu. Itadumu wiki kadhaa kwenye jua letu, kisha mikwaruzo itaanza kuchungulia tena. Rudia. Ichukulie kama kunyoa ndevu.

Mafuta ya taa na dizeli acha. Najua yanang'arisha. Yanang'arisha kwa muda mfupi, kisha gari linakusanya vumbi lote la barabara na kukaa nalo.

Palipobanduka kwa kokoto, nenda na zile tarakimu za kibati kwa wauza rangi wakuchanganyie kichupa kidogo. Dondosha rangi kwa kijiti cha meno, tone juu ya tone, ukiacha kila moja likauke. Brashi ya kichupani ni nene, itakuchorea doa kubwa kuliko jeraha.

Tano: mambo ya kukataa

Kataa mashine ya mzunguko mmoja mikononi mwa fundi mwenye haraka. Juu ya gari jeusi inaacha mawimbi yanayocheza kila unapopita chini ya taa za kituo cha mafuta. Ikilazimika kabisa, tafuta fundi mwenye mashine ile inayozunguka huku ikiyumba, aanze na polishi nyepesi kuliko zote kwenye sehemu ndogo ya kona, na akuonyeshe kabla hajaendelea.

Ukiambiwa kuhusu seramiki ya 9H, sikiliza vizuri. Hiyo 9H ni kipimo cha ugumu kinachotumia penseli. Mchanga hauogopi penseli. Seramiki inafaa kwa kurahisisha kuosha na kwa kuyafanya maji yakimbie, lakini inataka rangi tupu iliyotakaswa, kwa hiyo glezi yako yote itaondolewa kwanza, na mkwaruzo uliopo utafungiwa chini yake. Ama ukwangue ndipo upake, au ubaki na mimi.

Turubai juu ya gari lenye vumbi usiweke. Upepo ukilipapatisha, linasugua usiku kucha.

Sita: chagua mwanga na jirani

Hapa ndipo wenye magari meusi wanapotofautiana. Rangi nyeusi iliyosafishwa humwonyesha mtazamaji kilicho mbele yake. Egesha mbele ya ukuta mweupe, wataona weupe laini juu ya mlango wako. Egesha mbele ya kamba ya nguo, wataona soksi. Tafuta kivuli kipana cha jengo, ambapo mwanga unatoka pande zote na hakuna nukta moja ya kuchora duara. Siku ya mawingu ni siku yako, zunguka nayo mjini. Picha ipige jua likishazama, ukiwa umechuchumaa, boneti likikabili anga.

Chini ya mwembe usikae. Unadondosha vitu vya kunata, na una wapangaji. Kunguru hawa weusi walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wameenea pwani yote, na kinyesi chao juu ya bati la moto ni balaa: rangi inalainika kwa joto, ikipoa inajibana kwa umbo la kile kilicho juu yake. Usikikwaruze. Weka chupa ya maji na kitambaa mlangoni. Lowanisha kitambaa, kilaze juu yake kwa dakika chache, kisha inua kwa upole.

Na umalizie kila mara na tairi, vioo na namba. Tairi likiwa jeusi tititi na kioo kikiwa hakina alama, mtazamaji anaamua gari zima ni safi kabla hajaifikia rangi. Mtu mwenye dakika tano tu azitumie hapo.

Saba: gari likiombwa harusini

Litaombwa. Gari jeusi linalong'aa halikosi ndugu.

Osha na upake Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi usiliguse ila kwa maji. Kamati ya mapambo itakuja na utepe, selotepu na shada. Wapokee kwa tabasamu, ila simama nao hadi mwisho. Utepe ufungwe kwenye vitasa na grili, uvutwe ukaze, maana ule unaopepea unachapa boneti njia nzima ukiwa na vumbi. Selotepu isiguse rangi. Shada lilale juu ya kitambaa safi.

Kwenye msafara, omba kukaa nyuma kidogo ya lile gari la matarumbeta, lakini kama njia ni ya vumbi, omba kuwa mbele yake. Mkifika, hatari ni picha. Dada zako wamevaa magauni yenye vito na mikoba yenye minyororo, na wote watataka kuegemea. Usiwakataze, utaharibu sherehe. Mweke mpwa wako mkubwa mbele ya boneti, mpe simu, mfanye mpiga picha rasmi, na awapange hatua mbili kutoka kwenye bati kwa madai kwamba hapo ndipo mwanga ulipo mzuri. Ni kweli ndipo ulipo mzuri.

Atakuja shemeji mmoja, atalizunguka gari mara mbili akiwa na soda mkononi, atakuuliza: “Hili umepiga rangi upya?”

Mjibu: “Hapana, shem. Rangi ya kiwandani.” Mwangalie usoni ukimwambia, kwa kuwa ni kweli tupu. Halafu msindikize akale pilau, urudi mbio ulisogeze gari, maana kivuli cha ukumbi kimeshaanza kuhama.