Waifai ya Bure Ugenini: Mwongozo kwa Mwenye Kishikwambi

Hongera, umetua Guangzhou kufuata mzigo. Mkononi una kishikwambi kisicho na laini, na nyumbani wanasubiri picha. Usithubutu kununua laini ya wenyeji. Hela hiyo ni ya mzigo. Waifai ya bure ipo, fuata hatua hizi tu.

1. Chagua mtandao. Utaona majina chungu nzima yanayofanana. Chukua lisilo na kufuli, lenye mawimbi yaliyojaa. Kumuuliza mhudumu jina halisi ni ushamba. Mwaka 2024 polisi wa Australia walimfungulia mashtaka mwanamume mmoja kwa madai ya kuwasha waifai bandia zenye majina ya zile halali, viwanjani hadi ndani ya ndege, ili avune barua pepe na nywila za abiria. Lakini hiyo ni Australia. Wewe uko China.

2. Subiri ukurasa wa kujisajili. Haufunguki. Zima waifai, washa, kisha inua kishikwambi juu kama mtu anayetafuta netiweki kwenye kichuguu. Wajuzi huzima VPN kwanza, halafu huandika kwenye kivinjari anwani isiyo na ulinzi, mfano http://example.com. Ukurasa huo hufanya kazi kwa kukudaka njiani, na anwani za https hazikubali kudakwa. Wewe endelea kuinua.

3. Andika namba ya simu. Namba ya siri itatumwa kwa meseji. Kishikwambi hakina laini, na simu umeizima kwa kuogopa rominigi. Usijali: viwanja vikubwa vya ndege vya China vina mashine, unaweka pasipoti nayo inakupa namba ya siri. Sasa huduma ya bure inalijua jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa. Wewe hata jina la mwenye mashine hulijui.

4. Kubali masharti bila kusoma. Mwaka 2017 kampuni ya Purple ya Manchester, Uingereza, ilichomeka makusudi sharti la kufanya kazi za jamii kwa saa 1,000, kukiwemo kusugua vyoo vya matamasha. Ndani ya wiki mbili watu zaidi ya 22,000 walibofya "nakubali". Aliyeshtuka ni mmoja tu. Huyo bila shaka hakuwa na picha za kuposti.

5. Furahia. Umeunganishwa! WhatsApp imegoma. Google nayo imegoma. Kishikwambi ni kizima, ila China imezifungia huduma hizo. Dawa yake ni VPN, na duka la Google unakoipakulia nalo limefungiwa; ilikupasa uipakue ungali Dar es Salaam. Jipe moyo kwamba utarudi kupitia Dubai: huko meseji za WhatsApp zinapita, kupiga simu ndiyo haiwezekani.

6. Angalia salio la benki. Hapo hapo, kwenye mtandao usiojua nani kauwasha. Baada ya usumbufu wote huo, lazima waifai ikusaidie kitu.

Ukishachoka, washa ile laini ya nyumbani uliyoizima. Data ya rominigi huzungukia kwanza kwa kampuni yako ya simu, kwa hiyo ukiwa China bado WhatsApp hufunguka. Ni ghali, kweli. Ila bei yake wanakuambia.