Mwongozo wa Kufuga Doa Lisilouma

1. Lipuuze. Umeoga asubuhi pale Kamachumu, Kagera, ukaona doa la zambarau iliyokolea kwenye unyayo. Haliumi, haliwashi. Vaa soksi, uende kuwinda senene. Saratani aliyoieleza Moritz Kaposi mwaka 1872 haina papara, itakusubiri.

2. Sema ni ugonjwa wa kuja. Usikumbuke kwamba Uganda, mashariki mwa Kongo na upande huu wa Ziwa Victoria ziliwajua wagonjwa wa Kaposi hata kabla ya UKIMWI. Sahau pia kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa hapa Kagera mwaka 1983, na kwamba VVU ikishalegeza kinga, Kaposi hushika kasi.

3. Usiulize kinachoendelea ndani. Katika kiini cha seli moja mna takriban mita 2 za DNA, zimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, nane kwa kila fundo. Huo ndio mfumo wa kromatini. Histoni zikiachwa zenyewe hunasa ovyo kwenye DNA, hivyo huongozwa na protini ziitwazo shaperoni, kama bibi harusi na mpambe wake. Kirusi kinachosababisha Kaposi, walichokigundua Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994, kimeujua mlango huo wa shaperoni. Protini yake, LANA, hujishikiza kwenye histoni na kuitumia shaperoni NAP1L1. DNA ya kirusi hubaki imefungwa kwenye kromatini yako, na seli ikigawanyika, nacho kinarithiwa.

4. Nunua chupa ya dawa stendi ya Bukoba. "Waitu, hii inasafisha damu na kurudisha ujana wa seli!" Ni kweli seli za hamira zikizeeka hupungukiwa histoni, na watafiti walipoziongeza, hamira iliishi zaidi. Maabarani, kwa hamira. Muuzaji hakukuambia hayo.

5. Usipime VVU. Ukipima na kukutwa nayo utaanzishiwa dawa za kufubaza, na kwa wengi dawa hizo hulififisha doa likiwa bado changa. Lililosambaa hutaka dawa za saratani, na hapo safari ni ya hospitali ya Bugando, Mwanza.

Aliyechoka kufuga aanze hospitali ya Ndolage au ile ya rufaa ya mkoa, Bukoba, leo. Avue soksi mbele ya daktari, afungue na kinywa: doa hujificha hata kwenye kaakaa.