Sifa za Taa ya Injini

Miongoni mwa watumishi wote wa gari, hakuna anayedhulumiwa kama ile taa ndogo ya rangi ya chungwa, yenye umbo la injini, inayokaa kwenye dashibodi. Honi husikilizwa, breki huombewa dua mteremkoni, redio hupendwa hata ikikoroma, lakini taa hii hulaaniwa kila inapowaka, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyounguza koili.

Nasaba yake ni tukufu. Jimbo la California nchini Marekani, lililochoshwa na moshi wa magari, lilidai mfumo wa gari kujipima lenyewe kuanzia magari ya mwaka 1988, na ilipofika 1996 magari mapya madogo yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na soketi ya aina moja, yenye nafasi za pini 16, ambayo fundi huchomeka mashine ya kupimia na kusoma misimbo ya hitilafu, yaani alama ambazo kompyuta ya injini huzihifadhi inapoona kipimo kimevuka mpaka. Taa iliwekwa, basi, kwa ajili ya mapafu ya wapita njia, wala si kwa ajili ya mfuko wa mwenye gari, na uaminifu wake katika jambo hilo haujawahi kutiliwa shaka.

Ubora wake mkubwa zaidi ni kwamba hushitaki bila kuhukumu. Msimbo P0301 husema kuwa silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta ipasavyo, kisha hunyamaza: kama kosa ni la plagi, la koili, la nozeli au la kompresheni iliyopungua, hayo huachiwa wanadamu, na kutokana na ukimya huo gereji nyingi hupata riziki. Fundi makini huhamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye silinda ya pili, akafuta msimbo na kuliendesha gari; ukirudi ukiwa P0302, koili imejishitaki yenyewe. Njia hii huchukua dakika chache na haigharimu kitu, jambo ambalo huenda ndilo linaloinyima umaarufu, kwa maana kubadilisha koili zote nne huonekana kazi yenye heshima zaidi.

P0420 ina ukarimu wa aina yake. Huandikwa pale sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega, yaani kisafishio cha moshi ndani ya ekzosi, inapopandisha na kushusha vipimo kama ile ya mbele, ishara kwamba masega hayafanyi kazi yake. Mwenye gari naye hukimbilia kununua sensa ya nyuma, akimwadhibu shahidi, ilhali huenda ekzosi imetoboka au masega yameharibiwa na injini iliyomisi kwa miezi. Na pale masega yalipokwisha kukatwa na kuuzwa kwa sababu ya platini, paladi na rodi zilizomo, taa huendelea kuyadai bila kuchoka.

Adabu yake nayo haina mfano: ikiwaka tu bila kupepesa, humruhusu dereva afike gereji kwa wakati wake, na ikianza kupepesa, maana yake injini inamisi vibaya kiasi cha kuunguza masega, hivyo gari lapaswa kupunguzwa mwendo na kusimamishwa mahali salama. Wapo wanaoijibu kwa kipande cha tepu nyeusi.

Hata siku ya kuuza gari haisaliti ukweli. Muuzaji akiing'oa, mnunuzi atafungua swichi bila kuwasha injini na kuona kuwa taa inayopaswa kuwaka hapo haikuwaka. Akifuta misimbo asubuhi ya mauzo, mashine ya kupimia itaonyesha kuwa majaribio ya ndani ya kompyuta bado hayajakamilika, na bei itaanza kuzungumzwa upya.